Tenga kifusi kabla fundi hajaondoka

Nyumba nyingi za Rujewa hujengwa kwa matofali ya kuchoma, na kila ujenzi huacha vipande vingi chini. Tatizo si vipande. Tatizo ni kutupa kila kitu kwenye lundo moja: matofali, misumari, mifuko, mabonge ya saruji. Lundo likishachanganyika, hakuna atakayelichambua. Kwa hiyo kubaliana na fundi tangu siku ya kuchimba msingi kila kitu kitawekwa wapi.

Anza na vipande vya matofali, maana ndivyo vyenye faida kubwa. Gonganisha viwili: vilivyoiva hulia kwa sauti kali, vibichi hutoa mlio mzito. Ukiwa na shaka, loweka kimoja kwenye ndoo usiku kucha. Asubuhi kikimeguka kwa kidole, kirudi kufukia mashimo ya uani. Vilivyoiva vipasue vifikie ukubwa wa ngumi, vitandaze chini ya sakafu, uvishindilie. Vimwagie maji ya kutosha kabla ya kumwaga zege, kwa sababu tofali kavu hunyonya maji ya zege na kulidhoofisha. Ila usithubutu kuviweka kwenye zege la nguzo au la mkanda. Hapo nunua kokoto za mawe. Na kama kiwanja chako kina ule udongo mweusi wa bonde la Usangu, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, uondoe kwanza. Kifusi juu yake hakizuii sakafu kupasuka.

Mbao za kufungia zege, nyingi zikiwa paini kutoka Mufindi, zipake oili chafu kabla ya kumwaga zege ili zibanduke bila kuchanika. Ukishazibandua, zing'oe misumari siku hiyohiyo, zikwangue, zilaze kivulini juu ya matofali, mbali na mchwa. Misumari iliyonyooshwa ifungie banda la kuku, si paa la nyumba.

Saruji iliyoganda mfukoni haifufuki kwa kuongezwa maji. Mabonge yake yapeleke kwenye kifusi. Mifuko usiioshe kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga, wala usiichome: ya plastiki hutoa moshi wenye sumu. Ikung'ute mbali na watoto, ukiwa umefunika pua na mdomo, kisha ile ya plastiki ijaze udongo kukinga ukuta dhidi ya maji ya mvua.

Kikibaki kifusi, usilipe gari kwenda kukimwaga kando ya barabara. Muulize kwanza jirani anayejaza msingi wake.