Mchunga Mbuzi Aliyeambiwa ni Mdogo Mno



Leo tuzungumze mpira. Najua wapo watakaosema mpira una vijiwe vyake, lakini nivumilieni kidogo.

Kuna filamu ya zamani iliyopigwa kwenye milima ya Velebit, kule Kroatia. Filamu yenyewe inahusu mbwa mwitu, ila ndani yake anaonekana mtoto wa miaka 5 akiswaga mbuzi. Mtoto huyo ni Luka Modrić, yule kiungo tuliyemzoea akiwa na jezi namba 10 ya Real Madrid. Mimi nilipomwona nilimkumbuka Daudi. Si mnajua, Samweli alipofika kwa Yese kumtafuta mfalme, vijana wote walipitishwa mbele yake isipokuwa kitinda mimba. Huyo alikuwa machungani, na hakuna aliyeona haja ya kumwita.

Desemba 1991, vita ikiwa imepamba moto Yugoslavia ilipokuwa inasambaratika, babu yake Modrić aliuawa na waasi wa Kiserbia karibu na nyumbani. Babu naye aliitwa Luka. Mjukuu alikuwa na miaka 6. Nyumba ikachomwa, na familia ikakimbilia mji wa Zadar na kuishi hotelini. Ukisikia hoteli usifikirie starehe! Hizo zilikuwa hoteli zilizogeuzwa makazi ya wakimbizi, kwanza Kolovare na baadaye Iž, na mji wenyewe ulikuwa unapigwa mabomu. Baba alikuwa jeshini, mama alikuwa fundi wa kushona. Mtoto alichezea mpira kwenye maegesho ya magari ya hoteli.

Akapelekwa kufanya majaribio Hajduk Split, klabu kubwa kabisa ya pwani ile. Wakamrudisha. Sababu? Mdogo mno, mwepesi mno.

Hapa nataka tukae kidogo, maana kati yetu wamo waliowahi kurudishwa. Yupo aliyekatwa kwenye majaribio, yupo aliyeangalia matokeo ya kidato cha nne akazima simu siku tatu, yupo aliyeambiwa na seminari kwamba arudi nyumbani. Mtu akikuambia hutoshi, inauma zaidi pale ambapo hajasema uongo. Modrić alikuwa mdogo kweli! Hata leo ana sentimita 172 tu. Hajduk hawakukosea kupima, ila walipima kimo na kifua wakaishia hapo.

Tomislav Bašić, aliyesimamia shule ya soka ya Zadar, aliona kitu kingine. Akaendelea kumfundisha, na kijana alipofika miaka 16 akamfungulia njia ya kwenda Dinamo Zagreb. Watu kama Bašić hatuwasemi vya kutosha. Jina lake halimo kwenye kombe lolote la Madrid.

Lakini hata Dinamo hakuingia moja kwa moja. Mwaka 2003, akiwa na miaka 18, alipelekwa kwa mkopo Zrinjski Mostar, kwenye ligi ya Bosnia. Ukweli ni kwamba kijana mwenye ndoto za Ulaya akiambiwa nenda Mostar anaweza kudhani ametupwa. Ile ligi ilikuwa ya kibabe, mabeki wanakanyaga, na kwa kiungo mwembamba kila mechi ni mtihani. Alimaliza msimu akiwa mchezaji bora wa ligi nzima. Baadaye mwenyewe amesema kwamba aliyeweza kucheza kule anaweza kucheza popote. Kisha akapelekwa tena kwa mkopo, safari hii Inter Zaprešić, na ndipo Dinamo wakampa mkataba wa miaka 10. Kwa pesa za mkataba huo aliwanunulia wazazi na dada zake nyumba Zadar.

Kwangu mimi Mostar ndiyo sehemu kubwa ya maisha yake ya soka, kuliko hata zile picha za makombe. Kule hakukuwa na kamera za kumtafuta.

Mengine mnayajua. Tottenham 2008, kuvunjika mguu 2009, Real Madrid 2012. Miezi michache tu baada ya kufika Hispania, wasomaji wa gazeti la Marca walimpigia kura kuwa usajili mbovu kuliko wote wa msimu. Jamani! Mtu huyo huyo ndiye aliyepiga kona ya Lisbon mwaka 2014, dakika ya 93, Sergio Ramos akafunga kwa kichwa. Aliondoka Madrid 2025 kwenda AC Milan akiwa na makombe 28, 6 kati yake ya Ligi ya Mabingwa.

Sasa tusimfanye mtakatifu. Mwaka 2017 aliitwa kutoa ushahidi katika kesi ya Zdravko Mamić, aliyekuwa bosi wa Dinamo, na kwenye jambo muhimu la mkataba wake akasema hakumbuki. Wakroatia wengi walikasirika. Ukutani mwa hoteli ya Iž, ile ile alikoishi akiwa mkimbizi, mtu akaandika maneno ya kumsuta. Mwaka 2018 akashtakiwa kutoa ushahidi wa uongo. Mwishoni mwa mwaka huo mahakama ikayakataa mashtaka. Ila alikwenda Kombe la Dunia, Urusi, akiwa nahodha wa nchi ambayo sehemu ya watu wake ilikuwa inamtukana.

Julai 1, Nizhny Novgorod, Kroatia na Denmark, 1-1. Dakika ya 116 Kroatia wanapata penalti. Modrić anapiga, Kasper Schmeichel anadaka. Yaani nafasi ya kumaliza mechi, na nahodha ndiye ameikosa! Dakika chache baadaye mechi inaingia kwenye mikwaju ya penalti, na wa tatu kwa upande wa Kroatia anatembea kutoka katikati ya uwanja, kipa yule yule.

Alifunga. Kroatia wakavuka, wakafika hadi fainali na kufungwa na Ufaransa 4-2, na yeye akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Desemba mwaka huo akachukua Ballon d'Or.

Kwa jumuiya na vikundi vitakavyokutana wiki hii, someni 1 Samweli sura ya 16, halafu kila mmoja ajibu mawili haya. Mostar yako ni wapi kwa sasa? Na nani alikuwa Bašić wako, na je, umewahi kumpigia simu?