SOMO LA FAMILIA: Jakpoti Inayokua na Likirimba Yetu

Andiko la kusoma nyumbani: Mithali 13:11



Sisi tuliokimbia tunalijua jaribu moja kuliko wengine. Mtu aliyepoteza nyumba, shamba na ng'ombe kwa usiku mmoja hutamani kurudishiwa vyote kwa usiku mmoja. Ndiyo sababu mashine ya kamari, au jakpoti ya mpira kwenye simu, huonekana kama mlango wa kutokea. Tuuchunguze mlango huo kwa akili.

1. Jakpoti inakuaje?

Tuchukue mashine ya poka. Mchezaji anatia pesa, anaonyeshwa karata 5 kwenye kioo, anabakisha anazozitaka na kubadilishiwa nyingine. Zawadi kuu ni ya karata 5 za juu kabisa za alama moja. Katika mashine nyingine zawadi hiyo haikai pale pale: kila mtu anapocheza, sehemu ndogo ya pesa yake inaongezwa juu. Namba inapanda, na watu wanasema, "Sasa imekaribia."

Hapo ndipo tunapodanganyika. Kilichopanda ni pesa za waliokosa. Nafasi yako ya kupata haikupanda. Mashine huchanganya karata upya kila mchezo, wala haikumbuki kwamba umeketi hapo tangu asubuhi.

2. Tupige hesabu

Hata mchezaji stadi hupata karata hizo kama mara 1 katika michezo 40,000. Tuseme mchezo mmoja ni faranga 100, na zawadi ndogo ndogo zinamrudishia wastani wa faranga 95. Kila mchezo unakula 5. Michezo 40,000 imekula faranga 200,000.

Basi jakpoti ikipita 200,000, mwerevu atasema, "Leo inalipa." Kwenye karatasi ni kweli. Lakini akicheza michezo 600 kwa saa, atahitaji zaidi ya saa 66. Na watu 100 wakicheza michezo 40,000 kila mmoja, karibu 37 kati yao hawataipata hata mara moja. Tena mwingine akiipata kwanza, namba inarudi chini. Nani kati yetu ana pesa ya kungojea hivyo, na watoto wanangoja chakula?

3. Mfano wa Kenya

Mwezi wa Mei 2017, Samuel Abisai alishinda jakpoti ya SportPesa, shilingi 221,301,602 za Kenya, kwa kubashiri sawasawa mechi 17. Kila mechi ina majibu 3: mwenyeji ashinde, mgeni ashinde, au sare. Ukizidisha 3 kwa 3 mara zote 17, unapata njia 129,140,163 za kujaza karatasi moja. Jina lake lilitangazwa kila mahali. Waliokosa hawakutangazwa, na wao ndio wengi.

4. Chungu kingine

Likirimba nayo ni chungu kinachojazwa na wengi. Mama 10 wa Cibitoke wakitoa faranga 5,000 kila wiki, kila wiki mmoja anapokea 50,000. Baada ya wiki 10 kila mmoja amepokea zamu yake, wala hakuna aliyelia ili mwenzake acheke. Haiwezi kuturudishia shamba. Lakini inanunua gunia la makaa la kuuza, au inalipa shule. Andiko letu linafundisha hilo: mali ya haraka hupungua, bali anayekusanya kidogo kidogo huongeza.

5. Kwa aliyekwisha kunaswa

Asifukuze pesa iliyopotea kwa pesa ya kodi. Amweleze mwenzi wake kiasi chote, bila kuficha. Pesa ikipatikana, ikabidhiwe mwenzi kabla ya jioni. Nasi tusimcheke wala kumtangaza, tumtembelee.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Kwa nini namba inapopanda tunafikiri nafasi yetu nayo imepanda?
2. Pesa ya kamari katika nyumba yetu ingetoka wapi: chakula, kodi au shule?
3. Ni nani tunayeweza kumkaribisha katika likirimba yetu mwezi huu?

Bwana awalinde nyote.