Safina Ilianza na Vipimo



Nilikuwa mwaka wa kwanza kujifunza kuchomelea kwenye karakana ya boti hapa Mwanza, ndipo parokiani tukafanya semina ya Laudato Si', ule waraka wa Papa Fransisko wa 2015. Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Kazi yangu ni chuma, na tani 1 ya chuma kinachoyeyushwa kwa makaa ya mawe hutoa karibu tani 2 za hewa ukaa. Kwa hiyo riziki yangu ni dhambi?

Nilimuuliza padre. Akaniambia tu nikasome Mwanzo sura ya 6. Nilitegemea gharika, lakini kabla ya gharika nikakuta vipimo: dhiraa 300 urefu, 50 upana, 30 kwenda juu. Nuhu anapewa hesabu kwanza, shoka baadaye.

Sasa angalieni meli za leo. Kuziunda kunatoa moshi, ndiyo, ila moshi mwingi zaidi huja baadaye, meli ikichoma mafuta baharini miaka 25 au zaidi. Na huo unapangwa mapema, kwenye mchoro: umbo la tumbo la meli, uzito wake, injini itakula nini. Mwaka 2023 meli ya makontena Laura Maersk ilitoka Ulsan, Korea Kusini, na injini inayoweza kutumia methanoli. (Tusidanganyane, methanoli ya gesi asilia haina nafuu, inategemea imetengenezwa na nini.) Mwaka huohuo nchi wanachama wa IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, zilikubaliana kufikisha gesi joto za meli kwenye sifuri halisi ifikapo 2050 au karibu na hapo. Meli inayochorwa hovyo leo, mwaka huo huenda bado inaelea.

Mimi sichori meli kubwa. Lakini wiki ile ya semina nilikuwa nimekata bamba kwa pupa, nikaliharibu, nikasukuma vipande chini ya benchi fundi asione. Baada ya kusoma ile sura nilimwambia. Hakunifukuza. Alichukua chaki, akachora vipande vyote vya wiki kwenye bamba moja, vikabanana kama mishono kwenye kitenge cha kuunga-unga. Vile nilivyoficha vilikwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, vikayeyushwe upya. Chuma cha namna hiyo hutoa hewa ukaa kidogo zaidi.

Kesho tunafungua bamba jipya na chaki nimepewa mimi. Niombeeni.