Dondoo muhimu: Kontroboksi ya gari la zamani ikisumbua

Usiihukumu kompyuta hiyo ya injini kabla ya kukagua betri, fyuzi na nyaya za ethi. Hapa Ipyana, kwa mvua zetu na Mto Kiwira unavyofurika, kutu kwenye soketi hufanana kabisa na boksi bovu. Toyota nyingi za miaka ya 1990 hujieleza zenyewe: unganisha TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi, fungua swichi bila kupiga starta, uhesabu taa ya injini inavyopepesa.

Ubovu ukibaki, toa waya hasi wa betri, fungua boksi (mara nyingi liko nyuma ya dashibodi, upande wa abiria) kisha unuse. Kapasita zilizovuja hunuka kama usipa uliochacha, na chini yake saketi huwa imeliwa. Badilisha kapasita zote kwa pamoja: mikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, za kuhimili 105°C, na upande hasi usigeuzwe. Safisha kwa spiriti, ikauke kabisa.

Unanunua boksi la mtumba? Linganisha namba ya lebo hadi tarakimu ya mwisho. Gari lenye ufunguo wa chipu linaweza kugoma hata hivyo.