Uzito na Mwanguko: Maelezo kwa Wachumaji na Wasafirishaji wa Miraa, Kangeta

Wengi huamini kwamba kitu kizito huanguka upesi kuliko chepesi. Sivyo. Panga na tawi nene vikiachiliwa kutoka kimo kimoja, vitafika chini karibu pamoja. Dunia hukivuta kizito kwa nguvu zaidi, lakini kizito nacho ni kigumu zaidi kukiongezea mwendo, basi kasi inakuwa ileile.

Kinachochelewesha ni hewa. Kata vipande viwili sawa vya jani la mgomba, kama vile vya kufungia miraa. Kimoja kitandaze, kingine kikunje kiwe donge, kisha uviachilie pamoja. Donge litatangulia, na uzito haukubadilika. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott aliangusha nyundo na unyoya mwezini, ambako hakuna hewa. Vilitua kwa pamoja.

Kwa mchumaji jambo hili ni la uhai. Anayeteleza kutoka mita 5 hufika chini kwa sekunde moja hivi, akiwa na kasi ya kilomita 36 kwa saa. Kijana mwembamba haokolewi na wepesi wake. Panga likiponyoka, aliye chini ana sekunde hiyohiyo moja, nayo huenda isitoshe kukwepa. Kwa hiyo pasiwe na mtu chini ya mti unaochumwa, hasa watoto, na panga lishushwe kwa kamba.

Uzito huonekana wakati wa kugonga. Kwa kasi ileile, mzigo maradufu hubeba nishati maradufu. Anayerushiwa furushi juu ya pikapu anajua: la kilo 5 analidaka, la kilo 20 linaweza kumsukuma hadi akaanguka. Mafurushi mazito yapokezwe mkono kwa mkono.

Barabarani ni vivyo hivyo. Kwenye mteremko wa Nyambene, breki za gari lililojazwa kupita kiasi hupambana na nishati kubwa zaidi, zikapata moto na kulegea. Na gari likigonga kwa kilomita 80 kwa saa, pigo lake ni sawa na kuanguka kutoka mita 25.

Dereva, soko linakusubiri, tunajua. Hata hivyo usizidishe mzigo, telemka kwa gia ndogo, na usimkubalie yeyote kuketi juu ya mizigo.