Mawe ya Figo ya Paka na Vijidudu vya Tumboni

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika nyumba nyingi za Temeke, Mbagala na Kinondoni paka hufugwa kwa kazi moja, nayo ni kuwazuia panya. Hulishwa mabaki na dagaa, na akiugua ni wachache wakumbukao kuwa naye ana figo kama sisi. Akichuchumaa mara kwa mara bila kutoa kitu, wengine husema amefunga choo, wengine husema amekula mchanga. Yafaa tujue ukweli, maana ugonjwa huu huua upesi.

Jiwe la figo halimezwi, bali hufanyika ndani ya mwili. Kazi ya figo ni kuchuja damu na kutoa takataka pamoja na maji, yaani mkojo. Chumvi zikiwa nyingi na maji yakiwa machache, chumvi hizo hugandamana, kama chumvi ibakiayo maji ya bahari yakikaushwa na jua. Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika, mnyama aliyezoea nchi kavu. Kwa hiyo mkojo wake ni mzito, na kiu yake ni ndogo. Katika mwili wa panya, kama sehemu 7 kati ya 10 ni maji, hivyo paka awindaye hupata maji humo. Lakini dagaa wakavu hawana maji, naye hanywi ya kutosha kulipa upungufu huo.

Mawe yapatikanayo zaidi ni ya aina mbili. La kwanza, liitwalo struviti, hutokea zaidi katika kibofu, na mara nyingi huyeyuka kwa chakula maalumu. La pili ni la kalsiamu na oksaleti. Hili ndilo lionekanalo zaidi katika figo za paka, wala haliyeyuki kwa chakula.

Sasa vijidudu vinahusikaje? Oksaleti imo katika mimea mingi, mchicha ukiwa mmojawapo, na nyingine hutengenezwa na ini. Ndani ya matumbo ya wanyama wengi huishi bakteria aitwaye Oxalobacter formigenes, ambaye Milton Allison na wenzake wa Marekani walimpa jina mwaka 1985. Chakula chake ni oksaleti. Ile aliyokwisha kuila haifiki katika damu, wala katika figo. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa mbwa: bakteria huyu alipatikana zaidi kwa mbwa wazima kuliko kwa wenye mawe ya oksaleti. Kwa paka pia wataalamu wanalichunguza jambo hili. Hata hivyo bakteria si sababu pekee. Maji, chakula na ini vina sehemu yao.

Hapa pana fundisho. Sisi wanafunzi husoma kwanza bakteria waletao kipindupindu na kifua kikuu, tukadhani wote ni adui. Dawa za kuua bakteria hazichagui adui na rafiki. Likizo iliyopita jirani yetu mmoja alimpa paka wake dume vidonge vya watu vya rangi mbili. Vidonge haviwezi kuzibua njia ya mkojo, na siku ya tatu paka alikufa. Bwana yule alimpenda paka wake, ila hakuna aliyemwambia. Panadol ni mbaya zaidi: hata kidonge kimoja chaweza kumwua paka.

Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba kuliko ya jike, na chembe ndogo huweza kuiziba. Ukimwona akijikamua bila mkojo, akilia, akijilamba sana chini na kukataa chakula, usingoje kesho. Mpeleke siku ile ile kwa daktari wa mifugo. Tunao waliosomea Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro, nao wamo katika jiji letu.

Kwa kumkinga, loweka dagaa, wachemshe bila chumvi, umpe pamoja na maji yake. Weka maji safi mahali pawili, uyabadili kila siku. Kazi hii hata mtoto wa darasa la kwanza aiweza.