Ukishuka Guangzhou: Namna ya Kufika Mjini na Kuchagua Hoteli Bila Kula Mtaji



Wengi mnaoniandikia kuhusu safari ya China mnauliza bei za mikoba, mnauliza kago, mnauliza ajenti. Mara chache sana mtu ananiuliza, "Dada, nikishuka kwenye ndege nafikaje mjini, na nalala wapi?" Mimi pia sikuuliza. Nilidhani hilo ni jambo la kufika na kuona. Lilinigharimu mikoba 19. Nitakueleza hesabu yake.

Nilikuwa nauza mikoba ya kike mtandaoni, mzigo nachukua Kariakoo. Nikakusanya mtaji, na wateja 12 wakanilipa nusu ya oda zao ili nikawachukulie wenyewe kiwandani. Yani nilipopanda ndege, nilibeba pesa yangu na pesa ya watu. Hiyo ndo hali ya wengi wetu. Hakuna shilingi ya kuchezea.

Nilitua Guangzhou saa 4 usiku. Mpaka namaliza uhamiaji na kuchukua begi, saa 5 imefika. Nimechoka, simu haina intaneti, WhatsApp haifunguki. Kabla sijaufikia mlango wa nje, kijana mmoja akanidaka. Anaongea Kiingereza, ana kitambulisho shingoni. "Taksi, rafiki? Hoteli gani?" Nikamfuata hadi maegesho. Akanitoza yuan 450. Baadaye nikajua taksi ya mita ingenifikisha kwa yuan 120 hivi. Hapo yuan 330 zimeondoka.

Nikafika hotelini. Nilikuwa nimelipia mtandaoni usiku tatu, yuan 160 kila usiku, ile ofa ya "hairudishwi". Dada wa mapokezi akaitazama pasipoti yangu, akapiga simu kwa bosi wake, kisha akaongea kwenye simu yake na ikanitafsiria: hawapokei wageni kutoka nje. Nikaonyesha risiti. Akatikisa kichwa. Yuan 480 zikaenda hivyo.

Namshukuru yule dada mpaka leo, maana hakunifukuza. Aliniandikia kwa Kichina jina la hoteli nyingine inayopokea pasipoti za nje, akatoka na mimi barabarani, akanisimamishia taksi. Yuan 60. Nililala saa 8 usiku, nimekumbatia pochi.

Sasa piga hesabu: 330 + 480 + 60 = yuan 870. Mkoba niliokuja kuununua ulikuwa yuan 45. Gawanya. Ni mikoba 19. Oda za wateja wangu 12 nilizitimiza zote, ila ile 19 ndiyo ilikuwa ya duka langu. Faida yangu iliishia barabarani kabla sijaliona soko.

Haya, tuingie kwenye somo lenyewe. Chukua daftari.

KABLA HUJAPANDA NDEGE

1. Andika anwani ya hoteli kwa herufi za Kichina. Ukimwonyesha dereva jina la hoteli kwa Kiingereza, mara nyingi hatalielewa. Iombe hoteli ikutumie anwani kwa Kichina pamoja na namba ya simu ya mapokezi. Piga skrinishoti, halafu pia iandike au ichapishe kwenye karatasi. Simu huzima, karatasi haizimi.

2. Panga suala la intaneti ukiwa nyumbani. Kwa intaneti ya kawaida ya China, WhatsApp, Instagram na Google hazifunguki. Ukitumia laini yako ya nyumbani kwa romingi, kwa kawaida zinafunguka, kwa hiyo uliza kampuni ya laini yako bando la nje ni bei gani. Pakua mapema programu ya tafsiri yenye Kichina cha kutumia bila intaneti. Kwa ramani, Amap inafanya kazi vizuri kule.

3. Weka Alipay na uunganishe kadi yako ya Visa au Mastercard kabla ya kuondoka. Huko karibu kila mtu analipa kwa kuskani, mpaka muuza maji. Fahamu kwamba kwa kadi ya nje, malipo yanayozidi yuan 200 hukatwa asilimia 3. Taslimu bado inapokelewa, kwa hiyo kuwa na yuan kadhaa mkononi, tena za noti ndogo.

4. Kama umebeba zaidi ya dola 5,000 taslimu, tangaza forodhani unapoingia. Usifanye siri. Pesa isiyotangazwa ikikutwa, safari yako inaharibika.

KUTOKA UWANJANI KWENDA MJINI

Uwanja wa Guangzhou unaitwa Baiyun, uko kaskazini mwa jiji, kama kilomita 28 kutoka katikati. Hapa tutazungumzia njia mbili: metro na taksi ya mita. Yule anayekufuata mlangoni si njia ya tatu.

Metro. Hii ndiyo rahisi kuliko zote, haizidi yuan 10. Stesheni ya Terminali 1 inaitwa Airport South, ya Terminali 2 inaitwa Airport North. Angalia tiketi yako ya ndege uone unashukia terminali ipi. Unapanda Laini ya 3 mpaka Jiahewanggang. Hapo unashuka na kubadilisha kwenda Laini ya 2, upande wa Guangzhou South Railway Station.

Ukienda Sanyuanli (三元里), kwenye soko la mikoba na ngozi, baki Laini ya 2 na ushuke Sanyuanli. Umebadilisha treni mara moja tu. Ukienda Xiaobei (小北), ambako Waafrika wengi hufikia na chakula cha halali kinapatikana kirahisi, endelea stesheni moja mbele hadi Guangzhou Railway Station, kisha ubadilishe kwenda Laini ya 5. Xiaobei ni stesheni moja tu kutoka hapo.

Majina ya stesheni yameandikwa kwa Kichina na kwa herufi zetu, na mashine za tiketi zina Kiingereza. Begi lako litapita kwenye mashine ya ukaguzi mlangoni, usishangae. Ila Laini ya 3 asubuhi na jioni watu hubanana kama daladala ya Mbagala enzi zile. Una mabegi mawili makubwa saa 12 jioni? Kaa uwanjani ule kidogo, subiri foleni ya watu ipungue, au chukua taksi.

Usiku metro inafungwa, tena unahitaji kuiwahi treni ya pili pale unapobadilisha. Kanuni yangu ni hii: nikitoka nje baada ya saa 4 na nusu usiku, sihangaiki na metro.

Taksi. Fuata mabango ya taksi mpaka kwenye foleni rasmi. Kaa foleni hata kama ni ndefu. Onyesha ile karatasi ya Kichina, kisha sema "da biao", maana yake washa mita. Kufika Sanyuanli au Xiaobei tegemea kati ya yuan 100 na 150, pamoja na ada ya barabara. Ukifika omba risiti, sema "fapiao". Risiti ile ina taarifa za gari, na ukisahau begi ndani ya taksi ndiyo itakayokusaidia kulitafuta. Mwenzangu mmoja alisahau sampuli zake zote za viatu kwenye buti, na hana risiti. Mpaka leo hajaziona.

Kama Alipay yako inafanya kazi, unaweza pia kuita gari la DiDi humohumo ndani na kuona bei kabla hujapanda.

KUCHAGUA HOTELI

Kwanza, hakikisha inapokea pasipoti yako. China kila mgeni lazima asajiliwe polisi. Ukilala hotelini, hoteli inakusajili yenyewe kwa pasipoti. Ukilala kwa ndugu au kwenye nyumba ya kupanga, wewe au mwenyeji wako mnatakiwa kwenda kujisajili polisi ndani ya saa 24. Wengi hawajui hili, wanalala kwa rafiki wiki nzima kuokoa pesa, kisha wanakutana na faini. Mwaka 2024 serikali ya China ilizitaka hoteli zisiwakatae wageni wa nje, lakini bado kuna hoteli ndogo zisizozoea kusajili pasipoti. Kwa hiyo kabla ya kulipa, tuma ujumbe: "Nina pasipoti ya Tanzania, mnanipokea?" Wakijibu ndiyo, hifadhi jibu hilo. Soma pia maoni ya wageni waliolala pale karibuni, utafute walioandika kwa lugha zisizo za Kichina. Ukiwaona, ujue hapo wageni wanalala.

Pili, chagua kwa soko, usichague kwa bei ya chumba. Mikoba na ngozi ni Sanyuanli. Nguo na saa, zunguka Zhanxi karibu na stesheni kuu ya reli. Midoli na mapambo, Yide Lu. Vitambaa, Zhongda, upande wa kusini wa mto. Uliza kwanza: siku zangu nyingi nitakuwa soko gani?

Angalia mfano huu. Hoteli ya mbali ni yuan 150, ya karibu na soko ni yuan 240. Kwa usiku 7, ya mbali ni 1,050 na ya karibu ni 1,680. Unaona umeokoa 630. Lakini siku 6 za kazi, taksi yuan 50 kwenda na 50 kurudi na mzigo, ni yuan 600. Umeokoa 30. Na kila siku umepoteza saa mbili barabarani, jumla saa 12, ambayo ni zaidi ya siku nzima ya soko. Nani amepata faida hapo?

Tatu, lipia usiku mbili tu za kwanza, tena ile bei inayoruhusu kughairi. Ni ghali kidogo kuliko "hairudishwi", lakini hiyo ziada ni kama bima. Ukifika ukaipenda hoteli, unaongeza siku hapohapo mapokezi.

Nne, uliza maswali ya mfanyabiashara. Kuna lifti? Mapokezi wanapokea vifurushi? Wauzaji wengi hukuletea sampuli hotelini, na kama mapokezi hawapokei, utashinda ndani ukisubiri. Naweza kuacha mabegi siku ya kuondoka? Na chumba kina dirisha? Usicheke. Vyumba vingi vya bei ndogo havina dirisha, na ukishalala humo siku tatu na mzigo umejaa mpaka kitandani, utanikumbuka.

Tano, dhamana. Ukiingia, hoteli nyingi huomba pesa ya dhamana. Chukua risiti na uitunze, bila risiti kurudishiwa ni mgogoro. Kagua chumba kabla hujafungua begi. Kikombe kimevunjika? Shuka lina doa? Piga picha, waambie mapema.

Sita, tazama kalenda. Maonyesho ya Canton hufanyika mara mbili kwa mwaka, kuanzia katikati ya Aprili hadi mwanzoni mwa Mei, na katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba. Majira hayo bei za vyumba hupanda sana. Kama huendi kwenye maonyesho yenyewe, panga safari yako nje ya tarehe hizo. Na usiende Mwaka Mpya wa Kichina. Viwanda na maduka mengi hufungwa, utabaki kuangalia mageti.

USIKU WA KWANZA

Ukishaingia chumbani, fanya mambo matatu kabla hujalala. Chukua kadi ya hoteli yenye anwani ya Kichina, uiweke kwenye pochi, hiyo ndiyo itakayokurudisha kila jioni. Gawa pesa yako sehemu mbili, usitembee na yote. Na andika kwenye daftari kila senti uliyotumia tangu uwanjani, maana nauli na hoteli ni sehemu ya gharama ya bidhaa. Usipoziingiza kwenye bei, utauza mzigo wote uishe na usiione faida.

Safari yangu ya pili nilitua saa 9 alasiri. Nilitoka na begi langu, nikampita kijana mwenye kitambulisho shingoni, nikasema "hapana asante" bila kusimama. Nikapanda Laini ya 3, nikabadilisha Jiahewanggang, nikatokea Sanyuanli. Magharibi nilikuwa nimeoga, nakula wali, naandika orodha ya maduka ya kesho. Sikuwa mjanja kuliko mara ya kwanza. Nilikuwa na karatasi tu, na nilijua swali la kuuliza.

KAZI YA NYUMBANI: Hata kama unasafiri mwakani, leo chagua soko unalolitaka, tafuta hoteli tatu zilizo jirani nalo, na uzitumie zote swali lile la pasipoti. Ona nani anajibu.

Hifadhi posti hii, na mtumie mwenzako anayekusanya mtaji wa safari. Wewe uliyewahi kwenda, tuambie hapo chini: ulishuka saa ngapi, ulilipa ngapi kufika mjini, na mtaa gani ulilala? Jibu lako laweza kuokoa mtaji wa mtu.